Dag Hammarskjöld, Mlinzi wa Mataifa Manyonge

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961, ndege kubwa yenye injini nne ilianguka na kuteketea katika msitu ulioko kilomita 15 hivi kutoka kiwanja cha ndege cha Ndola, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ndani yake walikuwamo watu 16. Mmoja wao alikuwa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa njiani kwenda kutafuta namna ya kusimamisha mapigano katika Jimbo la Katanga. Hakufia kitandani wala ofisini. Alifia safarini akiwa kazini, kama askari afiavyo zamuni.

Tumeonelea vema leo tuwasimulie wasomaji wetu, hasa walio katika majeshi ya ulinzi na katika polisi, maisha ya mtu huyu. Yeye hakuwa jenerali wala kamishna. Alikuwa mchumi na mtumishi wa serikali. Lakini ni yeye aliyeshika usukani wakati ulipoundwa utumishi mpya wa kijeshi ambao ulimwengu haukuwa umeuzoea, yaani utumishi wa askari anayepelekwa vitani si kwa ajili ya kumshinda adui, bali kwa ajili ya kuwatenganisha wanaopigana na kuwalinda wasio na silaha. Maelfu ya vijana wa Afrika wamekwisha kuivaa kofia ya buluu ya utumishi huo, na wengine wamezikwa nayo.

Kisa chake kina sifa, na kina lawama pia. Tutaeleza zote mbili, kwani anayesifu tu bila ya kukosoa hafundishi kitu.

MALEZI YA MTUMISHI

Dag Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai, 1905, katika mji wa Jönköping, nchini Sweden, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne, wote wanaume. Ukoo wake ulikuwa umetoa askari na watumishi wa serikali tangu karne ya 17. Baba yake, Hjalmar Hammarskjöld, alikuwa mwanasheria mashuhuri na gavana wa mkoa wa Uppsala, na kwa sababu hiyo kijana huyu alikulia ndani ya ngome ya kale ya mji huo.

Mwaka 1914 baba yake alifanywa Waziri Mkuu, na miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikawaka. Sweden haikujiunga na upande wowote. Hata hivyo msimamo huo ulikuwa na gharama yake. Njia za baharini ziliposongwa na vita, chakula kikaadimika, na wananchi wenye njaa wakaligeuza jina la Waziri Mkuu wao likawa mzaha wa njaa. Mwaka 1917 akaondoka madarakani. Dag alikuwa na umri wa miaka 11. Mapema namna hiyo aliona kwa macho yake kwamba asiyeegemea upande wowote hapigiwi makofi na upande wowote, na kwamba utumishi wa umma si biashara ya kutafuta shukrani.

Katika Chuo Kikuu cha Uppsala alisoma lugha, falsafa, uchumi na sheria, na baadaye akapata shahada ya udaktari katika uchumi. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka kama 31 tu, alikuwa katibu katika Wizara ya Fedha, na toka mwaka 1941 hadi 1948 alikuwa mwenyekiti wa baraza la Benki Kuu ya nchi yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili alishiriki katika mazungumzo ya kufufua uchumi wa Ulaya iliyokuwa magofu. Mwaka 1951 aliingia katika baraza la mawaziri, lakini hakupata kujiunga na chama chochote cha siasa. Hakuoa. Kazi ndiyo iliyokuwa nyumba yake.

KARANI ALIYEGEUKA KUWA MWAMBA

Ulimwengu wa mwaka 1953 ulikuwa ulimwengu wa hofu. Vita vya Korea vilikuwa vingali vikiendelea, na mataifa makubwa mawili, Marekani na Urusi, yalikuwa yakishindana kurundika mabomu ya nyuklia. Warusi hawakutaka hata kumtambua Katibu Mkuu wa kwanza, Trygve Lie wa Norway, kwa sababu ya msimamo wake juu ya Korea. Akatafutwa mtu asiye na makuu, mtaalamu wa mafaili na hesabu, ambaye hangemsumbua yeyote. Jina la Hammarskjöld likawaridhisha wote. Habari zilipomfikia kupitia waandishi wa magazeti ilikuwa tarehe mosi Aprili, naye akadhani kuwa anafanyiwa mzaha wa Siku ya Wajinga. Tarehe 10 Aprili, 1953, akala kiapo.

Wakubwa hawakuchelewa kutambua kwamba waliagiza karani wakaletewa mwamba. Wakati huo maofisa wa upelelezi wa Marekani walikuwa wamepewa nafasi ndani ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, wakiwachunguza wafanyakazi wa Kimarekani walioshukiwa kuwa wakomunisti. Kabla ya mwaka huo kwisha Hammarskjöld aliwaamuru waondoke katika jengo lile. Hakuwa na chuki na polisi wa nchi yoyote. Aliona tu kwamba nyumba ya mataifa yote haiwezi kulindwa na wapelelezi wa taifa moja, na kwamba mtumishi aliyekula kiapo kwa ajili ya wote hawezi kupokea amri kutoka kwa mmoja.

Januari 1955 alisafiri hadi Peking kuzungumza na Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, juu ya wanahewa 11 wa Kimarekani waliokuwa wamefungwa kwa shtaka la ujasusi. China ya Mao wakati huo ilikuwa imefungiwa mlango wa Umoja wa Mataifa, na wengi walimcheka kwa kwenda kubisha hodi kwa mtu aliyenyimwa kiti. Alizungumza kwa heshima, bila vitisho na bila tarumbeta za magazeti. Miezi ilipita kimya. Kisha, mwanzoni mwa Agosti, siku chache tu baada ya yeye kutimiza miaka 50, wanahewa wale wakaachiliwa.

KUZALIWA KWA KOFIA YA BULUU

Tarehe 26 Julai, 1956, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alitaifisha Mfereji wa Suez. Mwishoni mwa Oktoba Israel iliishambulia Misri, na mara Uingereza na Ufaransa zikafuata. Baraza la Usalama likafungwa mikono, kwa kuwa wawili kati ya washambuliaji walikuwa na kura ya turufu. Shauri likapelekwa kwenye Baraza Kuu, ambako nchi ndogo na nchi kubwa zina kura moja moja.

Katika Baraza Kuu waziri wa mambo ya nje wa Kanada, Lester Pearson, alitoa wazo la kuunda jeshi la kimataifa litakalosimama kati ya wapiganaji hadi wavamizi waondoke. Hammarskjöld mwanzoni alikuwa na mashaka, lakini alipokabidhiwa kazi hiyo hakulala. Kwa siku chache tu aliandika mpango, akaomba askari kwa nchi ambazo hazikuwa mataifa makubwa, na akapata kibali cha Misri. Tarehe 15 Novemba askari wa kwanza wakatua katika ardhi ya Misri. Baadaye walifikia kama 6,000 kutoka nchi 10.

Hapo ndipo ilipozaliwa kofia ya buluu. Kulikuwa na hofu kwamba askari hawa wangedhaniwa kuwa wavamizi wakapigwa risasi kwa makosa. Hapakuwa na muda wa kushona kofia mpya, na kwa hiyo zilichukuliwa kofia za plastiki zinazovaliwa ndani ya helmeti za jeshi la Marekani, zikapakwa rangi ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Rangi hiyo iliyopakwa kwa haraka ndiyo inayojulikana hadi leo katika kila pembe ya dunia.

Pamoja na kofia hiyo zikaja kanuni tatu, ambazo Hammarskjöld aliziandika baadaye zikawa msingi wa kazi. Kwanza, jeshi la amani huingia kwa ridhaa ya mwenye nchi. Pili, halipendelei upande. Tatu, halitumii silaha ila kwa kujihami. Kanuni hizi ni rahisi kuzikariri kwenye gwaride. Ugumu wake huonekana siku ile askari anapomwona mtu asiye na hatia akiburutwa mbele yake. Siku hiyo ilikuja, na ilikuja katika Afrika.

Hapana budi tukumbuke pia kwamba katika wiki hizo hizo za mwaka 1956 vifaru vya Kirusi viliingia Hungary kuzima maasi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa haukuweza kufanya neno. Sheria iliyowarudisha nyuma Waingereza na Wafaransa haikuweza kuwarudisha nyuma Warusi.

AFRIKA YAAMKA, KONGO YAWAKA

Mwishoni mwa mwaka 1959 na mwanzoni mwa mwaka 1960 Hammarskjöld alifanya ziara ndefu katika bara letu, akipita katika nchi huru na katika makoloni yaliyokuwa yakijiandaa kujitawala. Alirudi akiwa ametambua jambo ambalo wakubwa wengi hawakutaka kulitambua, yaani kwamba bendera mpya zilikuwa zikipandishwa juu ya nchi ambazo wakoloni hawakuwa wameziandalia wataalamu. Mwaka huo wa 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru.

Kongo ilijitawala tarehe 30 Juni, 1960. Katika uchaguzi wa mwezi Mei chama cha Patrice Lumumba kilikuwa kimepata viti vingi kuliko chama kingine chochote, naye akawa Waziri Mkuu, huku Joseph Kasavubu akiwa Rais. Lakini katika nchi hiyo kubwa hakuwapo daktari wa tiba hata mmoja aliyekuwa Mkongo. Katika jeshi lake, lililoitwa Force Publique, lenye askari wapatao 25,000, hakuwapo Mwafrika hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Siku chache baada ya sherehe, kamanda Mbelgiji, Jenerali Janssens, aliwakusanya askari na kuwaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa vile vile yalivyokuwa kabla ya uhuru. Tarehe 5 Julai askari wakaasi.

Kwa wasomaji wetu walio jeshini jambo hili halihitaji maelezo mengi. Jeshi lililofundishwa kuwapiga wananchi kwa niaba ya mgeni, halafu likaambiwa kwamba hata baada ya uhuru halitapandishwa cheo, haliwezi kugeuka kwa usiku mmoja likawa jeshi la wananchi. Uasi ule uliwaumiza watu wengi wasio na kosa, nao uliwapa Wabelgiji sababu ya kurudisha askari wao. Tarehe 11 Julai Moise Tshombe akatangaza kuitenga Katanga, jimbo lenye shaba, akisaidiwa na maofisa wa Kibelgiji na fedha za kampuni ya madini.

Kasavubu na Lumumba wakapeleka simu kuomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Hammarskjöld akatumia uwezo aliopewa na kifungu cha 99 cha Mkataba wa umoja huo, ambao hakuna Katibu Mkuu aliyekuwa ameutumia waziwazi kabla yake, akaliitisha Baraza la Usalama yeye mwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai azimio likapita. Tarehe 15 askari wa kwanza walikuwa wamekwisha kutua Leopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa Waafrika, kutoka Tunisia, Ghana, Moroko na Ethiopia. Hatimaye jeshi hilo lilifikia karibu watu 20,000. Pamoja nao walikuja madaktari, walimu, mafundi wa redio na wataalamu wa fedha, na Wakongo waliokuwa wasaidizi wa madaktari wakapelekwa Ufaransa kumalizia masomo ya udaktari.

KOSA LISILOSAHAULIKA

Sasa tumefika mahali pagumu. Lumumba alitaka jeshi la Umoja wa Mataifa limsaidie kuirudisha Katanga kwa nguvu. Hammarskjöld alishikilia kwamba amri aliyopewa na Baraza la Usalama haikumruhusu kuingilia ugomvi wa Wakongo wenyewe kwa wenyewe. Watu hawa wawili, wote wakaidi na wote wenye kuipenda kazi yao, hawakuelewana. Lumumba akageukia Urusi kuomba ndege na magari, na hapo Kongo ikawa uwanja wa tembo wawili, na nyasi tunajua hupatwa na nini.

Tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba, na Lumumba naye akatangaza kwamba amemfukuza Kasavubu. Bunge halikukubali kufukuzwa kwa Waziri Mkuu wake. Mwakilishi wa Hammarskjöld mjini Leopoldville, Andrew Cordier, aliamuru viwanja vya ndege na kituo cha redio vifungwe ili kuzuia umwagaji damu. Kwa maandishi amri hiyo ilikuwa sawa kwa wote. Kwa vitendo ilimwumiza mmoja, maana Kasavubu aliweza kusema kwa redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto, na Lumumba hakuwa na pa kusemea. Siku chache baadaye Kanali Mobutu akatwaa madaraka na kulisimamisha Bunge.

Lumumba akabaki nyumbani kwake, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda. Mwishoni mwa Novemba alitoroka kwenda Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, walikokuwa wafuasi wake. Njiani akakamatwa na askari wa Mobutu. Askari wa Ghana waliovaa kofia za buluu walikuwa karibu, lakini amri iliyotoka makao makuu ilikuwa kwamba wasiingilie kati ya Lumumba na wanaomfuatia. Tarehe 17 Januari, 1961, yeye na wenzake, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walipakiwa katika ndege na kupelekwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, katika mikono ya Tshombe. Askari wachache wa Umoja wa Mataifa waliokuwa kiwanjani waliwaona wakishushwa hali wakipigwa. Usiku ule ule wakauawa, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Mwaka 2002 Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika mauaji hayo.

Hammarskjöld hakutoa amri ya kumwua Lumumba, wala hatuna haki ya kumbandika doa hilo. Lakini alikuwa na maelfu ya askari katika nchi ambayo Waziri Mkuu wake aliyechaguliwa alikamatwa, akapigwa na kuuawa, na askari hao hawakunyanyua mkono. Kutopendelea kuligeuka kuwa kutotazama. Misri, Moroko, Guinea na Indonesia ziliamua kuwaondoa askari wao. Sisi tunaona kwamba nchi hizo zilikuwa na sababu ya kukasirika. Mwamuzi akikaa kimya wakati mmoja wa wachezaji anavunjwa mguu, ukimya wake huo umekwisha kuwa upande.

Baada ya kifo hicho kutangazwa, Baraza la Usalama, tarehe 21 Februari, 1961, liliruhusu nguvu itumike, kama njia ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ruhusa hiyo ilikuja wiki tano baada ya siku iliyohitajika.

BUNGE LINALOLINDWA

Hata hivyo haingekuwa haki kumalizia habari za Kongo hapo. Toka Septemba 1960 Waziri Mkuu wa Urusi, Khrushchev, alikuwa akimtaka Hammarskjöld ajiuzulu na mahali pake pawekwe watu watatu, mmoja kwa kila kambi. Tarehe 3 Oktoba, 1960, Hammarskjöld alijibu mbele ya Baraza Kuu. Alieleza kwamba si Urusi wala mataifa makubwa mengine yanayohitaji ulinzi wa Umoja wa Mataifa, bali yote yaliyosalia, na kwamba angebaki mahali pake maadamu mataifa hayo yanamtaka. Wajumbe wa nchi changa walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu.

Kisha katika Julai 1961 likafanyika jambo ambalo halisimuliwi mara nyingi. Bunge la Kongo, lililokuwa limefungwa tangu Mobutu atwae madaraka, lilikutana tena katika Chuo Kikuu cha Lovanium, nje kidogo ya Leopoldville. Wabunge walikaa humo humo chuoni chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Silaha na fedha zilikatazwa kuingia, ili pasiwe na kura ya kutishwa wala kura ya kununuliwa. Mwanzoni mwa Agosti wafuasi wa Lumumba na wapinzani wao walikubaliana juu ya serikali moja chini ya Cyrille Adoula. Katanga peke yake ilibaki nje. Kwa wiki hizo chache bunduki ilisimama mahali pake panapostahili katika demokrasia, yaani nje ya mlango wa Bunge, ikitazama barabarani, na si ndani ikiwatazama wabunge.

Wakati huo huo mjini Elisabethville maelfu kwa maelfu ya Wabaluba, waliokimbia kuwindwa na askari wa Tshombe, walipiga kambi kando ya vikosi vya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Askari waliotoka nchi za mbali, wasioijua hata lugha ya watu wale, waligawa chakula na kukesha wakilinda mahema. Hapo neno udugu wa binadamu lilikuwa na maana ya kulinda zamu ya usiku kwa ajili ya mtu usiyemjua.

SAFARI YA MWISHO

Agosti na Septemba 1961 jeshi la Umoja wa Mataifa lilijaribu kuwakamata na kuwafukuza mamluki na maofisa wa kigeni waliokuwa wakiishikilia Katanga. Jaribio la pili, lililoanza tarehe 13 Septemba, liligeuka kuwa vita. Ndege moja tu ya kivita ya Katanga ilitosha kuwasumbua askari wasio na ndege za namna hiyo. Huko Jadotville, ambako leo ni Likasi, kikosi cha Waairishi wapatao 155 kilizingirwa, kikapigana siku kadhaa hadi risasi na maji vikakwisha, kisha kikajisalimisha bila ya kupoteza hata mtu mmoja.

Hammarskjöld alikuwa amefika Leopoldville siku ile ile mapigano yalipoanza. Akaamua kumwendea Tshombe mwenyewe, wakutane Ndola. Alasiri ya tarehe 17 Septemba akaondoka. Kwa kuihofia ndege ile ya kivita, rubani alizunguka mbali na kunyamazisha redio kwa sehemu kubwa ya safari. Muda mfupi baada ya saa sita usiku alisema kwa redio kwamba anaziona taa za Ndola. Ndege haikutua. Wakuu waliokuwapo kiwanjani wakadhani kwamba Katibu Mkuu ameghairi na kwenda kwingine. Msako haukuanza mpaka asubuhi ilipokuwa imesogea, na mabaki yalitangazwa kupatikana saa tisa alasiri. Mtu mmoja tu alikuwa hai, Sajini Harold Julien, mlinzi wa Katibu Mkuu. Akafariki siku chache baadaye hospitalini.

Mwezi uliofuata Hammarskjöld alitangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alikuwa amekwisha kuzikwa Uppsala, mji wa utoto wake.

USHAHIDI WA WACHOMA MAKAA

Hapa tungependa askari polisi watege sikio zaidi. Katika msitu ule wa Ndola usiku ule walikuwapo wachoma makaa wakikesha kulinda matanuri yao. Baadhi yao walisema kwamba waliona ndege ya pili angani, au mwanga wa moto kabla ya ndege kubwa kuanguka. Sajini Julien naye, akiwa kitandani, alizungumza juu ya mlipuko na cheche. Tume ya serikali ya kikoloni iliyatupa maneno ya wachoma makaa kwa kuyaona si ya kutegemewa, na maneno ya Julien yakahesabiwa kuwa payo la mgonjwa. Ikaamua kwamba kosa lilikuwa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikukubali kulifunga jalada, ikaliacha wazi.

Zaidi ya miaka 50 baadaye jalada likafunguliwa upya. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo chini ya Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na baadaye akaendelea na uchunguzi huo peke yake. Mashahidi wa Kiafrika waliokuwa wangali hai wakasikilizwa kwa heshima, na maneno yao yakapimwa kama ushahidi wa watu wengine. Jaji Othman ameona kwamba yawezekana kabisa ndege ile ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, na kwamba zipo nchi ambazo yaelekea zingali zimeficha habari muhimu. Nani alifanya, kama alifanya, bado haijathibitishwa.

Lakini funzo moja limekwisha kuthibitishwa. Mchunguzi anayepima ushahidi kwa kutazama nguo za shahidi huipotezea haki muda usiorudi. Mchoma makaa aliyekesha msituni huenda ndiye pekee aliyeona.

TUNAYOACHIWA

Jeshi la Umoja wa Mataifa liliendelea na kazi Kongo mpaka mwaka 1964. Januari 1963 kujitenga kwa Katanga kulikwisha. Watu wapatao 250 wa jeshi hilo walipoteza maisha. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliweka nishani yenye jina la Hammarskjöld, ambayo hutolewa kwa ajili ya wale wanaokufa katika kulinda amani, na familia nyingi za Afrika zimeipokea kwa machozi.

Tangu wakati wake, sura ya kazi hiyo imebadilika. Mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda na Burundi walikwenda Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka askari mashariki ya Kongo katika kikosi kilichoruhusiwa kuyashambulia makundi yenye silaha. Amri zinazoandikwa siku hizi mara nyingi hutaja wazi wajibu wa kuwalinda raia. Maneno hayo hayakuangushwa na upepo katika karatasi. Yalinunuliwa kwa damu ya watu walioachwa bila mlinzi, huko Kongo, huko Rwanda mwaka 1994 na kwingineko.

Wahenga walituachia methali isemayo mwenye nguvu mpishe. Ni methali ya busara kwa mtu aliye peke yake njiani. Hammarskjöld alitumia miaka minane ya maisha yake akijaribu kujenga njia ambayo mwenye nguvu naye atalazimika kumpisha mnyonge, kwa sababu sheria imesimama katikati. Mara nyingine alifaulu, kama huko Suez. Mara nyingine alishindwa, kama alivyoshindwa kwa Lumumba, na kushindwa huko kunapaswa kutajwa kila anapotajwa.

Askari wetu, awe mpakani, kituoni au katika nchi ya mbali, husimama katikati hapo hapo. Kiapo chake si kwa mtu mmoja, wala kwa kabila, wala kwa mwenye fedha za madini. Hatupendelei, na ndivyo ipasavyo. Lakini kati ya anayepiga na anayepigwa, kati ya Bunge na anayetaka kulivunja kwa bunduki, kazi ya mlinzi si kugeuza uso. Siku ambayo uso utageuzwa, hata kofia iwe na rangi gani, hakuna kinachobaki cha kulindwa.